Jinsi ya Kujifunza Kuzamia Ukiwa Magindu

Usianze kwa kutafuta bahari. Kutoka Magindu bahari iko nyuma ya Mlandizi, nyuma ya Maili Moja, nyuma ya Kimara na foleni yake, na ukifika ufukweni utamkuta mtu ameshika mtungi anakuambia, "Ingia tu, utazoea." Nataka maneno hayo yakukute una hesabu kichwani. Kwa hiyo kaa hapo hapo ulipo. Tafuta pampu ya baiskeli, ndoo ya maji, kikombe cha plastiki na msumari, kisha mwombe mama akuazime mtungi wake wa gesi kabla hajabandika maharage. Vitu hivyo vitakufikisha mita 30 chini ya maji, na hutalowa kupita viwiko.

Mimi ni mtoto wa huku, nimekulia kwenye nyumba ambayo treni ya reli ya kati ikipita, vikombe vinagongana kabatini. Mwaka wa 11 huu naongoza wageni kuzamia Zanzibar. Kila nikirudi likizo, nikishatoa shikamoo na kunawa miguu, mjomba hunisogezea kigoda na swali ni lile lile: "Hebu nieleze tena, mwanangu. Huo mtungi mnaobeba mgongoni, gesi yake ni ile ya kupikia au ile ya wagonjwa?"

Mjomba ana haki ya kuuliza. Redioni husikia kwamba wavuvi haramu wamekamatwa na "mitungi ya gesi", ndivyo inavyosemwa nchi nzima, na mtungi wa gesi anaoujua yeye uko jikoni kwa mkewe. Basi la kwanza katika mwongozo huu ni kulitoa neno gesi kichwani. Ndani ya mtungi wa mzamiaji mna upepo. Ni upepo huu huu unaopita kwenye mikorosho: katika kila sehemu 100, karibu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na kilichobaki ni vikorokoro. Ukimpa mzamiaji oksijeni tupu badala ya upepo, akivuka mita 6 tu inaweza kumtia degedege, na mtu akishikwa na degedege chini ya maji kinywa hakishiki tena mpira wa kupumulia.

Sasa chukua pampu. Vuta mpini mpaka mwisho, ziba tundu kwa kidole gumba, halafu sukuma. Mwanzoni mpini unaingia kwa hiari, kisha unaanza kukataa. Ukifika nusu, upepo uliokuwa umejaa pampu nzima umebanwa kwenye nusu ya nafasi yake, na unasukuma kidole chako kwa nguvu mara mbili. Ukifika robo, ni mara nne, na upepo unaanza kuponyoka pembeni mwa kidole ukipiga mluzi. Robert Boyle, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, aliliandika jambo hili mwaka 1662 na mpaka leo liko vile vile: nafasi ikipungua mara kadhaa, presha inapanda mara hizo hizo. Usiendelee mpaka kidole kimeuma. Nimewaongoza wasomi wanaoijua kanuni hiyo kwa herufi zake zote, lakini hawajawahi kuisikia kwenye kidole, na chini ya maji ndio wanaoshtuka kuliko wote.

Kidole kikipoa, panda bodaboda uende Mlandizi kwa fundi pancha. Wa kwangu ni Mnyamwezi, na sisi Wazaramo ni watani wao, kwa hiyo huduma huja na matusi ya bure. Mtazame anavyojaza. Gari dogo analitia thelathini, lori la mchanga linakwenda mia na ushee. Namba hizo ni pauni za msukumo kwenye kila inchi moja ya mraba. Muulize kama kompresa yake inaweza kutoa elfu tatu. Wa kwangu aliweka mpira chini, akaniuliza nimekunywa nini. Lakini elfu tatu ndiyo namba ya mtungi wa mzamiaji uliojaa, mara 100 ya tairi lile la gari dogo. Sisi kazini tunatumia kipimo kingine kinachoitwa baa. Baa 1 ni karibu sawa na msukumo wa hewa yote iliyotulalia juu ya vichwa hapa duniani; tairi lina kama baa 2, mtungi baa 200. Mke wa mjomba aliposikia baa 200 alisema sasa ameelewa kwa nini vijana wa pwani hawajengi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo twende polepole. Mtungi una namba mbili, na geji inakuonyesha moja tu. Namba ya kwanza ni nafasi iliyomo ndani, yaani ungekuwa umejazwa maji yangeingia lita ngapi. Mtungi wa alumini unaoukuta kwenye boti nyingi za Zanzibar ni wa lita 11: ndoo ndogo ya lita 10, na lita moja juu yake. Namba ya pili ni presha. Zidisha: 11 mara 200 ni lita 2,200. Tazama simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara, lile ambalo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Upepo wa kulijaza lote, na zaidi, umesokomezwa ndani ya ndoo. Na upepo una uzito. Lita 2,200 ni zaidi ya kilo 2 na nusu, na ndiyo maana mtungi wa alumini unaozama asubuhi ukiwa umejaa, jioni ukiisha huinua makalio na kutaka kuelea.

Kwa kuwa geji inaonyesha presha peke yake, mtungi wa lita 7 na mtungi wa lita 11, yote ikiwa baa 200, itakuonyesha uso ule ule. Mmoja una lita 1,400, mwingine 2,200. Mtu akikuambia "umejaa, tazama geji," muulize umejaa kwenye chombo cha ukubwa gani. Sisi tuliokulia kwenye mkaa hili halitakiwi kutushinda, maana hakuna mtoto wa Magindu anayenunua gunia kabla hajalizunguka kuona kimo chake. Na lumbesa pia tunaijua, gunia lililoongezwa shingo ya nyavu mpaka likazidi kipimo chake. Wapo wanaotengeneza lumbesa ya upepo. Mtungi umepigwa muhuri shingoni kwamba mwisho wake ni baa 200 na kidogo, wao wanausukuma mpaka 250 ili mzamiaji akae chini zaidi. Mtungi haulalamiki siku hiyo. Chuma kinachovutwa kupita kipimo, mwaka baada ya mwaka, hupata ufa usioonekana, na siku kinapoachia, anayesimama karibu ni kijana wa kujaza. Nchi nyingi zinataka mtungi upimwe kwa maji ya presha kila baada ya miaka 5 na tarehe ipigwe mhuri palepale shingoni. Soma shingo kabla hujasoma geji.

Joto nalo lina mkono wake. Mtungi uliojazwa haraka hutoka wa moto, na geji inasoma baa 200 za moto. Ukitumbukia kwenye maji ya nyuzi 25 na mtungi ulikuwa nyuzi 50, zitabaki kama 185. Hakuna aliyeiba.

Rudi nyumbani, mtungi wa mama unasubiriwa jikoni. Utikise. Unasikia maji yanacheza. Gesi ya kupikia hukaa mtungini kama kimiminika, na mvuke wake juu. Ukipika, mvuke unatoka, kimiminika kinachemka taratibu kuziba pengo, kwa hiyo presha inabaki karibu ile ile tangu siku ya kwanza mpaka siku moto unapozimika maharage yakiwa hayajaiva. Ndiyo sababu mama huupima kwa kuunyanyua na dukani unauzwa kwa kilo, 6 au 15. Upepo wa mzamiaji hauna kimiminika. Geji yake inashuka sambamba na kinachotoka: ukisoma 100, nusu imekwenda, ukisoma 50, imebaki robo. Hiyo robo hesabu kama amana ya mtu. Ni ya kupandia, na ya mwenzako mpira wake ukileta shida. Kwenye boti yangu mtu aliyerudi na chini ya baa 50 hapandi boti hiyo kesho yake mpaka tumekaa tukazungumza.

Sasa ndoo. Bandika kipande cha karatasi ndani ya kikombe, kwenye kitako, kigeuze mdomo chini, kizamishe moja kwa moja. Karatasi inabaki kavu, kwa sababu upepo umo ndani na hauna pa kutokea. Ndoo yako ingekuwa na kina cha mita 10, maji yangepanda mpaka nusu ya kikombe. Uzito wa maji mita 10 unaongeza karibu baa 1 juu ya ile 1 tuliyozaliwa nayo. Jumla 2, upepo nusu, ni ile ile habari ya pampu. Mita 20 ni baa 3, mita 30 ni baa 4.

Ukiwa bado umekishikilia kikombe chini, toboa kitako chake kwa msumari. Utasikia upepo ukitoka na mkono utahisi maji yanavyopanda ndani. Fanya mara moja tu, kisha ukae kimya kidogo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa karibu na Mwanza. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na ndani walikuwamo watu hai, wamesimama kwenye upepo uliobaki. Waokoaji walitoboa ili wawafikie. Upepo uliokuwa umeishikilia meli ukapita kwenye tundu, na meli ikaenda chini. Walitoboa kwa huruma, na naamini kila mmoja wao angetoa alichonacho ili awe amecheza na kikombe na msumari utotoni. Kwa ajili ya kikombe hicho peke yake ningeuandika mwongozo huu.

Tuendelee. Mnamo 1943, Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza rejuleta inayompa mzamiaji upepo kila anapovuta, na kwa presha ile ile ya maji yanayomzunguka. Bila hivyo kifua kisingeweza kufunguka. Lakini fikiria maana yake. Mapafu yako ni yale yale, kila pumzi inajaza nafasi ile ile, ila sasa kwenye mita 10 kila pumzi imebeba upepo wa pumzi mbili za nchi kavu. Mjomba alielewa nilipomwambia kwamba huko chini bei inapanda. Hela mfukoni ni ile ile, lita 2,200. Juu ya maji pumzi ni ya shilingi moja, mita 10 ni shilingi mbili, mita 20 tatu, mita 30 nne.

Chukua kijiti uandike chini. Toa amana ya baa 50, ambayo ni lita 550. Zimebaki lita 1,650 za matumizi. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Nchi kavu utakaa dakika 82. Mita 10, lita 40 kwa dakika, dakika 41. Mita 20, dakika 27. Mita 30, dakika 20. Na hapo nimesema mtulivu. Aliyepaniki, au anayepigana na mkondo, anaweza kula mara mbili ya hapo, na dakika zake zinakatika nusu kabla hajatazama geji mara ya pili.

Mwaka 2019, tarehe 29 Septemba, gari liliteleza kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee pale Likoni, Mombasa, likiwa na mama na bintiye. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo watu walijaa ufukweni na simu zilijaa hasira. Hata huku, jirani aliyekuwa hajawahi kuiona Mombasa aliniuliza wazamiaji wa jeshi la majini wanafanya nini muda wote huo. Gari lilikutwa kwenye kina cha mita 58. Andika chini: baa 6 na nukta 8. Kwa mtungi kama wangu, lita 136 kila dakika, na hesabu inatoka dakika 12. Ndani ya dakika hizo utoshee kushuka, kutafuta gizani kwenye mkondo ambao meli kubwa zinapita, na kuanza kupanda polepole. Kwenye kina hicho naitrojeni nayo inalevya. Mtu anakuwa kama aliyekunywa mnazi, anatazama geji na namba hazimwambii kitu. Mzamiaji wa starehe mwisho wake ni mita 40. Nilimchorea yule jirani hesabu hii mchangani akaitazama muda mrefu, kisha akaifuta kwa mguu, taratibu.

Kompresa ya fundi pancha, tafadhali, iache kwa fundi pancha. Wapo wanaoifunga mpira mrefu na kuutia mdomoni mwa mtu baharini. Anayepika kwa jiko la mkaa chumbani na mlango umefungwa anajua kinachofuata: hewa ya sumu isiyo na harufu, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Moshi wa injini una sumu hiyo hiyo. Ukinyonywa na kompresa, unashuka kwa mpira mpaka kifuani, na kwenye mita 10 nguvu yake ni mara mbili.

Nimeuchelewesha ukurasa huu kwa sababu ni mgumu. Mtoto wa mama yangu mdogo alitoka hapa Magindu akiwa na miaka 22, mwaka ambao mvua zilikataa. Alikuwa mchoma mkaa hodari, kifua kipana, anaogelea kwenye lambo la ng'ombe kuliko sisi wote. Akaenda pwani ya kusini, akapata kazi ya kuzamia majongoo bahari, ambao huuzwa Uchina kwa bei ambayo mvuvi haambiwi. Sheria inakataza kuvua kwa mitungi. Kwa hiyo kazi ilifanyika kwa siri, na penye siri hakuna anayefundisha. Alipewa mitungi mitatu kwa siku na akaambiwa dalili moja tu: ukiona mtungi umekuwa mgumu kuvuta, panda. Mita 40 ni baa 5, lita 100 kwa dakika. Mtungi mzima mpaka tone la mwisho, dakika 22, halafu mbio mpaka juu kwa sababu pumzi imeisha, dakika chache kupumzika, mtungi wa pili, wa tatu.

Kumbuka naitrojeni, zile sehemu 78. Presha ya kina inaiyeyusha ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole, inatoka kwa njia ya mapafu. Ukipanda kwa mbio inafanya kama soda iliyokaa juani dukani ukaing'oa kizibo mara moja. Povu lile linatokea ndani ya viungo na uti wa mgongo. Siku ya nne alipanda boti akasema anasikia ganzi, kama amekalia miguu. Jioni miguu ikakataa. Wenzake walisema jini wa bahari kampenda, na wakampaka mafuta. Kinachotakiwa saa hizo ni oksijeni papo hapo na kumkimbiza kwenye chemba ya presha, arudishwe "chini" akiwa nchi kavu kisha apandishwe kwa saa nyingi. Yeye alifika hospitali siku ya tatu. Leo anatembea kwa fimbo mbili na ana duka la vocha karibu na stesheni. Nilipomchorea hesabu ya dakika 22 alisema, "Kaka, kumbe ilikuwa ni kuzidisha tu?"

Basi mwaka juzi nilikuja na mtungi kweli. Ulikuwa umekataliwa kwenye upimaji, una ufa shingoni, tukaukata kitako ili asije mtu akaujaza tena. Nilikuwa na mpango wa kuupeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu Mlandizi. Mwalimu mmoja akauomba. Sasa umening'inia kwenye mwembe wa shule pale ilipokuwa rimu ya lori, wanaugonga kwa kipande cha nondo, na sauti yake inafika mpaka kwenye zizi la mwisho. Kwenye ubavu wake nimeandika kwa rangi nyeupe: LITA 11. BAA 200.

Likizo iliyopita niliwakuta watoto wa darasa la tano wakifanyiana mtihani chini yake, wanatajiana mita, wanajibizana dakika. Nikajiunga. Nikasema mita 20. Wakaimba wote, "Ishirini na saba!" Binti mmoja mdogo, kaptula ya kaka yake chini ya sketi, hakuimba. Alikuwa bado anaandika mchangani.

"Mjomba," akasema, "hizo ishirini na saba ni za kukaa chini. Na dakika za kushuka na kupanda polepole tunazitoa wapi?"

Nikaketi chini. Tukafuta, tukaanza upya: dakika 2 za kushuka, 2 za kupanda, 3 za kusimama mita 5, kila moja kwa bei yake.